Mguu wa Kuitia

Kiwandani hatukuitana kwa midomo. Mitambo ya kufuma ilimeza kila neno kabla halijavuka meno, kwa hiyo ukimtaka mwenzako wa mtambo wa pili unapiga mguu kwenye sakafu ya mbao, pa, pa, naye anageuka. Hapo ndipo unamwambia unachotaka kwa mikono na kwa kupanua mdomo. Kiwanda kilifungwa zamani, mitambo ikauzwa kama vyuma chakavu, na wenzangu wengine sijui hata wamezikwa wapi. Lakini mguu wangu wa kulia haujapata habari hizo. Nikimwita mtu, wenyewe unatangulia.

Ninakaa ghorofani, juu ya duka la fundi cherehani. Sakafu yangu ya mbao ndiyo dari yake. Amezoea kuwaambia wateja wake kwamba juu kuna bibi anayefundisha tembo kucheza dansi. Najua kwa sababu aliniambia mwenyewe, akarudia, kisha akarudia tena, kwa kuwa mara ya kwanza na ya pili sikumsikia. Masikio yangu yalibaki kiwandani.

Nayo hayakubaki kwa bahati mbaya. Wakaguzi walipokuwa wanakuja tuligawiwa vifuniko vya masikio asubuhi, na jioni vikakusanywa na kurudishwa kabatini hadi ugeni mwingine. Nilisimama juu ya meza ya chakula nikalisema hilo mbele ya kila mtu, nikahamishiwa chumba chenye mitambo mikongwe zaidi, yenye kelele zaidi. Nilipodai haki yangu baadaye, daktari wa kampuni aliandika kwamba nilizaliwa na masikio dhaifu. Alikuwa na kucha safi sana. Namkumbuka hadi leo, na nisingependa kumsahau.

Marehemu mume wangu alikuwa fundi wa mitambo hiyohiyo. Baada ya kiwanda kufungwa, mikono yake ilikosa kazi, ndipo akaanza na paka. Paka wa Kiajemi, weupe, wenye manyoya marefu na uso bapa kama wametoka kugombana na ukuta. Nilimcheka. Akaendelea kuchana manyoya. Alikuwa na masharti yake na hakumpunguzia mtu. Jike halibebeshwi mimba juu ya mimba. Mtoto haondoki kwa mama yake kabla hajajifunza adabu za kipaka. Na aliyechukua paka kwetu akishindwa naye, amrudishe kwetu, si barabarani. Weupe wenye macho ya buluu aliwapima masikio wote, kwa sababu wengi wa namna hiyo huzaliwa viziwi, na kiziwi hazalishwi, ili asiwaachie watoto uziwi wake. Alikuwa anajificha nyuma ya mlango na kugonga mfuniko wa sufuria. Kipimo cha mashine hakikuwepo mjini, na chama chetu cha wafugaji kiliridhika na neno la mwenye paka.

Alipofariki nikaushika ukoo wa paka wake. Majike yalizeeka, moja baada ya jingine, na mwishowe akabaki Chokaa peke yake. Alikuwa na manyoya ambayo mume wangu aliyatafuta maisha yake yote bila kuyapata, mkia mnene ulionyooka, na macho ya buluu iliyokolea. Nilimpima mwenyewe. Nilisimama nyuma yake, nikamwita, akageuka. Nikarudia siku nyingine, akageuka tena. Nikampa mwenyekiti wa chama neno langu.

Mwenyekiti ana duka la miwani, na pia dume jeupe lenye vikombe kabati zima. Yeye na mume wangu walikuwa marafiki, na mimi bado ananiita shemeji. Tukakubaliana kwamba Chokaa akipata daraja la juu kwenye maonyesho, atapandishwa na dume lake, na ukoo wa marehemu utaendelea. Asipopata, hapakuwa na jike jingine. Ukoo ungeishia sebuleni kwangu.

Binti yangu anaishi mbali. Simu siziwezi tena, nasikia tu kwamba kuna mtu anaongea, kwa hiyo huniandikia. Mara nyingi aliniandikia nigawe paka, nihamie kwake. Safari hii nilimjibu kwamba nikienda, ukoo wa baba yake utakwenda na nani?

Basi nikamwandaa Chokaa. Nilimwosha kwenye karai, nikamkausha kwa taulo na kipulizio cha nywele huku akinitazama kama mtu aliyetapeliwa. Nikampaka poda, nikaichana ikatoka yote, maana jaji akikuta poda kwenye manyoya ni aibu yako. Nikamkata kucha, nikamfuta machozi yanayoacha alama ya kutu pembeni ya pua. Siku ile alipendeza hata nikamwongelesha mume wangu kwa sauti, jikoni, peke yangu.

Maonyesho yalikuwa kwenye ukumbi wa shule, sakafu ya saruji. Vizimba vilipangwa kwa safu, kila kimoja kikiwa na kitambaa cheupe na namba, bila jina. Watu walikuwa wanazungumza makundi kwa makundi. Mimi makundi siyaingii siku hizi. Ukisimama na watu wanaocheka, usijue wanacheka nini, unacheka nao halafu unajichukia njia nzima ya kurudi nyumbani.

Jaji alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani. Alimweka Chokaa mezani, akampapasa mkia hadi ncha, akamfungua mdomo, akayapuliza manyoya kutazama ngozi. Niliona uso wake unalainika. Kisha akatoa funguo, akazitikisa nyuma ya kichwa cha Chokaa. Akahamia upande wa pili, akatikisa tena. Akaniambia kitu. Nikamwomba arudie. Akarudia polepole, na safari hii niliyaona maneno midomoni mwake: huyu hasikii.

Mimi na watu wanaoshika kalamu tunajuana. Nilimwambia, na naamini ukumbi mzima ulinisikia, kwamba nimeshaandikiwa mengi na watu wa meza kama yake, na kwamba kila mnyonge akileta kitu kizuri lazima kitafutiwe ila. Nikamwambia mume wangu alikuwa anawapima paka kabla yeye hajajua mkia ni upande gani. Watu waligeuka. Jaji hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.

"Basi mwite wewe, mama," akasema. "Nitaandika ninachokiona."

Nikasimama nyuma ya Chokaa, nikamwita. Hakugeuka. Nikamwita kwa nguvu zaidi. Alikuwa anaangalia manyoya yaliyokuwa yakielea kwenye mwanga wa dirisha, ametulia, kama yuko peke yake duniani. Nikaita mara ya tatu, na nikahisi maumivu kwenye kisigino. Nikatazama chini, nikauona mguu wangu unapiga saruji.

Nyumbani ilikuwa mbao. Hakuwa akisikia jina lake hata siku moja. Alikuwa anahisi mguu.

Nikamwambia jaji aandike. Nikamwomba radhi pia, ingawa sina mazoea nalo neno hilo, na sijui lilitoka kwa sauti gani.

Mwenyekiti alinifuata nje nilipokuwa namfungia Chokaa kwenye kikapu. Alisimama mahali ambapo ningeweza kumwona mdomo. Ni mtu mstaarabu. Akasema jaji yule ni mgeni, hatakuja tena. Akasema dume lake linasikia vizuri, na katika watoto hawakosi wazima wawili watatu wa kuendeleza ukoo. Waliobaki wangepata watu wasiouliza maswali.

"Shemeji, paka hatumwi dukani," akasema. "Masikio ya nini? Marehemu angelia kuona uzuri ule unapotea."

Labda ni kweli, angelia. Lakini nilimwangalia mikono, nikaona kucha zake nazo ni safi sana.

"Unajua hasikii, na unataka tunyamaze," nikamwambia. "Watu waliojua wakanyamaza ndio walioniacha hivi, unaniona. Mimi sitakuwa mmoja wao, hata kwa paka."

Tangu siku hiyo hajaniita shemeji. Wala wengine wa chama hawapiti tena.

Daktari wa mifugo alimfunga Chokaa kizazi. Nilimrudisha nyumbani akiwa amenyolewa kiraka tumboni, nikapeleka stoo karai, masanduku ya kuzalia na kitambaa cheupe. Nikamwandikia binti yangu kwamba ukoo wa baba yake umeisha. Akanijibu kwa upole, akauliza sasa nitakuja lini. Sikumjibu. Kule kwake sakafu ni vigae.

Kwa muda niliukatalia mguu wangu. Nilitembea kwa soksi, nikauzuia kwa makusudi, na nyumba ikanyamaza kwa njia ambayo hata mimi niliijua. Chokaa alikuwa anakaa dirishani, mgongo kwangu. Nilikuwa naingia, natoka, naketi nyuma yake, yeye hana habari kama kuna mtu. Namwangalia, nawaza kwamba na mimi watu wa nyuma yangu hupita hivyohivyo.

Alasiri moja nilishindwa. Nikapiga mguu: pa, pa. Akageuka mara moja, akashuka dirishani, akaja.

Halafu akasimama katikati ya chumba, akainamisha kichwa, akakazia macho mbao. Nikavua soksi, nikakanyaga pale alipokuwa anapatazama. Nikahisi kitu kinagonga chini ya nyayo zangu, mara mbili, kikatulia, kikagonga tena. Fundi cherehani, akigonga dari yake kwa ufito wake wa kupimia.

Sikujua kama ananigombeza au ananijibu. Tulibaki tumesimama, mimi na Chokaa, tunaitazama sakafu. Kisha nikapiga tena.