Gonia Isiyopinduliwa

Gonia ya Ngassa, kipimo chake cha pembe mraba, ililala katika sanduku la mninga, juu ya kipande cha kanga kuukuu ya mkewe Limi, na hakuna mkono mwingine ulioruhusiwa kuigusa. Aliitengeneza mwenyewe kwa miezi minane, kwa tupa, kwa jiwe la kunolea na kwa ubishi, katika karakana yake nyuma ya nyumba, Shinyanga mjini. Ulimi wake wa chuma ulisimama wima juu ya kitako, na gonia za mafundi wengine zilipimwa kwa hiyo. Kila Jumamosi walikuja, wengine kwa baiskeli kutoka Kishapu, gonia zao zimeviringishwa vitambaani. Ngassa alizikutanisha na yake, ulimi kwa ulimi, akazielekeza dirishani. Mwanga ukipenya katikati, alicheka.

"Hii kapimie mihogo!"

Alhamisi moja ya mwaka wa sabini na nne, Limi akifagia, kiwiko chake kiligonga sanduku lililoachwa wazi. Gonia iliangukia saruji kwa ncha ya ulimi, ikalia mara moja tu. Alipoiokota hakuona hata mkwaruzo. Lakini mlangoni alikuwa amesimama Bujiku, mdogo wake Ngassa, aliyefanya kazi naye.

"Shemeji, ikianguka haiaminiki tena."

"Ataniua."

Ngassa hakuwahi kumpiga hata kofi. Alichoogopa Limi ni ile miezi minane.

"Wewe nyamaza," Bujiku alisema. "Jumamosi nitamfanya aipindue mwenyewe. Atairekebisha, yaishe."

Kuipindua hakukuwa kazi. Unaegemeza kitako kwenye ukingo ulionyooka wa bati, unachora mstari kando ya ulimi. Unaigeuza upande wa pili, unachora tena palepale. Mistari ikilaliana, gonia ni nzima. Ikiachana, kosa limejionyesha mara mbili.

Jumamosi hiyo gonia tano zilipimwa, na tano zote zilipitisha mwanga.

"Leo zote zimelewa?" aliuliza Maige, fundi wa Kishapu. Watu wakacheka.

Ya sita ilikuwa ya Bujiku. Aliimaliza mwezi uleule, baada ya mwaka mzima wa kazi, na ilikuwa ya kwanza kutoka mikononi mwake. Nayo ilipitisha mwanga.

"Kaka, gonia sita haziharibiki wiki moja. Pindua yako."

Limi, aliyekuwa akigawa togwa, alishika kata hewani.

"Yangu?" Ngassa alisema. "Bebe, wewe niliyekufundisha kushika tupa, leo unanipima mimi? Yangu haipinduliwi!"

Akaibana gonia ya mdogo wake kwenye jiliwa, akachukua tupa. Kila alipovuta, Bujiku alimtazama Limi. Hakumkazia macho. Alimtazama kama mtu anayengoja kupokea mzigo. Neno moja lingetosha. Limi akainama, akamjazia Maige kikombe ambacho tayari kilikuwa kimejaa.

"Sasa iko sawa," alisema Ngassa, akampa.

Bujiku aliiweka mezani. "Hii si yangu tena, kaka."

Jumatatu alipanda lori la Geita, akaenda machimboni.

Kila Jumamosi Limi aliwagawia mafundi togwa, na kila Jumamosi mumewe alinyoosha gonia zao kwa tupa. Limi alijiambia: Bujiku akirudi wakati wa mavuno, nitasema mbele yake. Lakini mvua za Machi ziliporomosha shimo likiwa na watu wanne ndani, na Bujiku hakutolewa. Waliomboleza bila kaburi.

Siku ya tatu baada ya matanga, Ngassa aliingia karakanani, akakaa na gonia ya mdogo wake mapajani. Limi alisimama mlangoni, palepale aliposimama Bujiku siku ile.

"Baba Mageni, pindua yako," alimwambia mumewe.

"Unasemaje?"

"Niliiangusha. Bujiku aliniona. Alinifichia."

Ngassa hakupiga kelele. Angepiga, Limi angepumua. Alipaka bati chaki, akachora mstari, akaigeuza gonia, akachora tena. Mistari ilianza pamoja chini, kisha ikaachana, ikaachana, hata juu kabisa ungeweza kupitisha ukucha.

Nje baiskeli zilikuwa zinaegemezwa ukutani. Ilikuwa Jumamosi.

"Shikamoo fundi! Tumekuja!" Maige aliita.

Ngassa alichukua gonia mbili, yake na ya Bujiku, akazikutanisha ulimi kwa ulimi, akaziinua dirishani. Limi alisogea, akatazama. Zilishikana toka chini hadi juu, iliyoanguka na ile iliyokuwa sawa kabla ya tupa. Hakuna hata uzi wa mwanga uliopita.