Bi Mkasi Anabana Tumbo

...na ile operesheni ya tatu, ile ya kulivisha tumbo pete ya kulibana, hata asiihesabu, maana daktari mwenyewe aliichora haraka haraka kama mtu anayemsalimia mgeni asiyemtaka, akasema siku hizi wengi wanakuja kuitoa kuliko kuja kuvishwa, na Bi Mkasi hakuhitaji kuelezwa zaidi, lastiki anaijua, leo unaivuta, kesho imelegea, keshokutwa sketi iko magotini mbele za watu, basi zimebaki mbili, ziko pale mezani kwenye karatasi, mifuko miwili ya chakula imechorwa kwa wino wa buluu, mmoja umekatwa ubavu mzima ukabaki mwembamba kama mkono wa shati la mtoto, wa pili umetengwa juu kabisa kikabaki kifuko cha ukubwa wa yai, na utumbo umevutwa kutoka huko chini ukapachikwa hapo, chakula kisipite barabara yake ya siku zote bali kipite uchochoroni, na chini ya michoro kuna mstari mtupu unaongoja neno moja, kukata au kupachika, na sahihi yake, ile sahihi ya herufi nne anazoziandika kama anayepanda ngazi, na daktari kageuza kiti, kaelekea dirishani, simu sikioni, "samahani Mama, dakika moja tu, nikimaliza unaniambia tuandike ipi," dakika moja, kama vile mtu anachagua vifungo.

"Mama, mimi naona ile ya kukata," binti yake akanong'ona, huyu wa mwisho, mwalimu, minong'ono yake inafika mpaka dawati la nyuma, "ni fupi, utumbo hawaugusi, siku ya pili uko nyumbani," na Bi Mkasi akamjibu "wewe ulikatwa lini ukajua?" lakini ukweli ni kwamba naye anaitaka hiyo hiyo, hiyo anaielewa, shati limekuwa pana unalipunguza ubavuni, unashona, unatupa kipande, kazi ya asubuhi moja, ila kile kipande... kinatupwa wapi, hakuuliza, miaka arobaini kwenye cherehani hajatupa kitambaa hata cha ukubwa wa kiganja, kila nguo aliyoishona kaiachia akiba ndani ya mshono, vidole viwili kila upande, maana binadamu hanenepi kwa taarifa, leo ni ufito, kesho ana shavu, anarudi kwa fundi anafunguliwa, na huyu daktari, kidevu laini kama sabuni mpya, anasema tunaondoa kama robo tatu, na hiyo hairudi, Mama, akasema na tabasamu juu, hairudi, na watafunga kwa pini, hapo ndipo roho ilipomruka, "pini ndogo ndogo, kama za stepla, zimejipanga safu safu, wala hazishiki kutu," pini! pini ni za nguo ambayo bado, pini ni za kushikiza mpaka mwenyewe aje ajaribu, kama ile blauzi ya njano ya mdogo wake inayoning'inia nyuma ya mlango wa karakana, mwaka wa kumi na moja huu, mabegani pini, kiunoni pini, maana mdogo wake alisema "dada, usishone kwanza, naenda kutolewa uvimbe, nikirudi kiuno kitakuwa kingine," akacheka, akajitazama kwenye kioo ubavu ubavu, wakampa dawa ya usingizi na usingizi ukamkolea, hakurudi na kiuno hiki wala kile, na zile pini zimeshika kutu mle mle, zimeacha madoa ya rangi ya chai, wateja huuliza "hii ya nani Bi Mkasi, inauzwa?" naye huwaambia mwenyewe yuko safarini, jaribuni ile ya kijani.

"Homa tangu lini?" daktari anaiuliza simu, "hapana, hapana, msimpe kitu mdomoni, hata maji," na Bi Mkasi akaukamata mkoba wake kwa mikono miwili, ni nani huyo asiyepewa hata maji, wa kukatwa au wa kupachikwa, naye alikaa kwenye kiti hiki hiki, akachorewa na kalamu hii hii, na yeye alikuwa na binti pembeni wa kumwambia ni fupi Mama... na kwa nini asinyanyuke tu akaenda zake, mlango ule pale, hatua sita, lakini hatua sita kwa magoti haya ni safari ya kufungiwa chakula, na hata akifika nyumbani mguu anakwenda nao, huu wa kulia, wa kukanyagia cherehani, mwaka jana kiatu kiliuchuna kidogo tu, kidonda kikakaa miezi mitano kama mpangaji sugu, na daktari wa sukari, yule mama asiyecheka, aliyemtuma huku apunguzwe mwili ili sukari ishuke, alimwambia bila kumung'unya maneno, "kikija kingine kama hiki, mguu tunaukata," basi kukatwa kupo tu, wanachobishania ni wapi, na fundi asiye na mguu wa kukanyagia ni nani, ni mzee wa kukaa kibarazani akikosoa nguo za wapita njia, kazi hiyo anaiweza, tena anaiweza sana, lakini haina mshono...

"Mama, unatetemeka," binti akasema, "kiyoyozi," akajibu, "hakijawashwa," "basi ndiyo maana," na binti akamtazama kwa lile jicho la kusahihishia madaftari, naye akageukia karatasi, maana akitazamwa hivyo sana atasema, na asilotaka kusema liko pale pale kooni, halina hata umbali wa kupanda, lile swali, daktari aliliuliza mapema kabisa kabla hajachora kitu, "una kiungulia, Mama? chakula kupanda juu, uchungu kooni ukilala?" naye akasema hapana, kavu, hata swali halijatua, hapana mwanangu, mimi tumbo langu chuma, na daktari akatia alama kwenye fomu, alama ndogo tu, tiki, akaendelea, na alisema hapana kwa sababu kule nje kwenye benchi mama mmoja aliyekuja kuangaliwa mshono alikuwa akitoa somo bila kuombwa, mwenye kiungulia hapewi ile ya kukata, shoga, mfuko ukiwa mwembamba vile uchungu wote unapanda, unaunguza koo mpaka unajuta kuzaliwa, mwenye kiungulia anapachikwa, mimi nimepachikwa, sukari yangu imeshuka sikatai, lakini nikigusa kitu kitamu jasho hilo, moyo mbio, chooni mbio, na vidonge vya vitamini mpaka siku ya kufukiwa, basi Bi Mkasi akalisikia hilo na kabla hajaitwa ndani alikuwa keshapona kiungulia, kapona pale pale benchini, muujiza, yeye anayelala kwa mito mitatu, mjukuu wake wa kike, mtoto wa huyu huyu binti, anayelala naye chumba kimoja, humwambia "Bibi, unalala umekaa kama unangoja kuitwa," yeye anayetafuna vile vidonge vyeupe vya tumbo kama karanga, ladha yake kama chaki ya kuchorea vitambaa, na kuna siku viliisha, akaitazama chaki yenyewe kwa jicho la kuitaka, Mungu amsamehe, huyo ndiye tumbo lake chuma, na yote kwa sababu anaogopa utumbo wake kuvutwa kama kamba ya pazia na kufungwa mahali ambapo haukuzaliwa, shati analielewa, hili la uchochoro halielewi, na mtu akifa, basi afie kwenye kitu anachokielewa... hivi aliwaza kweli, afie, kana kwamba mauti yanasubiri mtu aelewe.

"Sasa mbona hakusema?" daktari anauliza dirishani, sauti imeshuka, tabasamu halimo tena ndani yake, "aliulizwa, niliandika mimi mwenyewe, alisema hatumii dawa yoyote," kile kisauti cha ndani ya simu kinapiga kelele kama mbu kwenye kopo, "haya, angesema tungejipanga, si tungejipanga?" na Bi Mkasi akahisi uchungu ule ule ukipanda, moto mwembamba kutoka kifuani mpaka nyuma ya ulimi, akaumeza, ukarudi, hakusema, aliulizwa akasema hapana, hapana kavu kama yake, akatiwa tiki, na sasa kalala mahali hapewi maji, na nani alimwambia mwongo wa namna hiyo ni mmoja tu mjini, yeye Bi Mkasi kawashona wangapi, wote waongo, hakuna mwanamke anayepimwa kiuno akasema kweli, tepu ikimgusa tu anavuta pumzi, anabana, anaangalia juu kama malaika, na fundi mjinga anaandika kile alichokipima, kama alivyoandika yeye wakati bado mjinga, yule karani wa posta, bibi harusi, alibana tumbo mpaka macho yakamtoka, inchi ishirini na tisa, akaandika ishirini na tisa, akashona gauni la ishirini na tisa, jeupe, na siku yenyewe karani akainama kutia sahihi ya ndoa, akapumua, kama watu wote wanavyopumua, likapasuka kuanzia shingoni mpaka kwenye makalio, ukumbi mzima ukaona hata lebo ya nguo ya ndani, na alipokuja kulia karakanani Bi Mkasi hakumpa hata kiti, alimwambia "mimi nashona mwili nilioletewa, huo mwingine ulionificha ndio uliopasua gauni, kalie nao," maneno yakaenea mtaa mzima, ndiyo yaliyompa jina la Mkasi, na toka siku hiyo hampimi mtu aliyenyamaza, ndiyo dawa aliyoigundua, anamzungushia tepu kiunoni ikiwa imelegea, halafu anamuuliza habari za mama mkwe wake, mwanamke anafungua mdomo, anaanza, "we acha tu Bi Mkasi, yule mama..." na hapo tumbo linashuka lote mahali pake, hapo ndipo anapoikaza tepu na kusoma, maana mtu anayeongea hawezi kubana tumbo, jaribu uone, haiwezekani, havikai pamoja... na leo asubuhi, muuguzi alipomzungushia tepu kule chumba cha kupimia, yeye alifanya nini, alivuta pumzi, akaangalia juu kama malaika, inchi hamsini na mbili, muuguzi akaandika hamsini na mbili, na gauni alilovaa kalikata kwa mkono wake mwenyewe hamsini na sita, na hata hilo linambana, na mpaka dakika hii, akajikagua, mpaka dakika hii hapa kwenye kiti bado amebana, toka asubuhi hajapumua hadi chini, amekuja na karani wa posta mzima ndani ya gauni lake, na huyu kijana mwenye kidevu cha sabuni anajiandaa kumkata kwa vipimo vya uongo, atamshona safi, safu safu, mwili ambao haupo, na uliopo utapasuka, na hapatakuwa na mtu wa kumwambia kalie nao.

Daktari bado anaongea, mgongo kauelekeza kwao, kalamu iko mezani, kifuniko chake hakijafunguliwa, mstari mtupu uko pale pale, na ule mchoro wa kupachika bado unamtisha, unamtisha zaidi sasa kwa sababu unasogea, anauona utumbo wa wino wa buluu unavyopanda kwenda mahali ambapo haukuzaliwa, na blauzi ya njano iko nyuma ya mlango, na usingizi ni ule ule, hakuna hata kimoja kilichopungua, binti kainama, "Mama, basi tumwambie ya kukata, au? akigeuka tu tumwambie," na Bi Mkasi akafungua mdomo, hakujua kumbe mdomo unaweza kufunguka na uoga ukiwamo, "we mtoto," akasema, "nikilala mimi huwa naungua hapa," akajigusa chini ya shingo, "miaka minne sasa, mito mitatu, muulize mwanao," na kabla hajamaliza akalihisi tumbo likishuka lote mahali pake, zito, la kwake, kiti kikalia chini yake, binti kaachama, "sasa mbona hukusema?" na daktari dirishani bado ana simu sikioni, bado hajageuka.