Maboya ya Modesta

Modesta alikuwa ameketi uani kwake Igoma, kipande cha plaiwudi mapajani, akichora boti tupu. Alikuwa mchezaji wa ngoma ya bugobogobo tangu usichana, akirusha jembe juu na kulidaka bila kuliangalia. Magoti yalipogoma akaanza kuchora kwa rangi zilizobaki kwenye karakana ya jirani. Brashi aliishika kama mpini.

Binti yake, Gladness, ndiye aliyerithi jembe. Alikuwa anapiga pasi sare za kikundi.

"Mama, mbona umeniweka ukingoni?"

Modesta akatazama. Hakuwa amechora mtu, lakini boti ilikuwa imejaa: Gladness, wapiga ngoma, wanawake wenye kuku, watu mpaka juu ya injini. Ilikuwa boti ya Mzee Shimba, ambayo kikundi kingepanda kesho kwenda kucheza harusini kisiwani. Maji yakaanza kuchuruzika kutoka kwenye plaiwudi, yakamlowesha sketi. Yalinuka dagaa.

"Usiende."

"Tumeshaahidi watu. Au utakwenda wewe na magoti yako?"

"Basi muulize Shimba kama ana maboya ya kuvaa."

Gladness akapiga simu.

"Shikamoo, mzee. Boti ina maboya?"

"Marahaba. Maboya ya nini? Kwani mnakwenda kuogelea?"

Gladness akarudi kwenye pasi yake. Kwenye picha, maji yalikuwa yamefika magotini mwa abiria. Kopo pekee lenye rangi ya kutosha lilikuwa la rangi ya chungwa. Modesta akamchorea kila mtu boya kifuani, akianza na mwanawe. Rangi ikaisha; mama wa mwisho mwenye kuku alipata nusu boya.

Kesho yake boti ilipinduka kabla ya kufika kisiwani. Watu wote walielea. Mama yule alielea kiubavu. Kuku walizama, kwa sababu hakuna aliyewakumbuka. Gladness alirudi na boya la rangi mbichi kifuani.

"Umeniharibia blauzi," alisema. "Haitoki hata kwa petroli."

Kwa kuwa hakuna aliyekufa, Mzee Shimba hakuulizwa kitu.

Jumapili, baada ya ibada, alikuja na kopo kubwa la rangi ya chungwa na plaiwudi mpya.

"Mama Gladness, boti nimeshaitoa majini na kuiziba. Nimeongeza na mabenchi. Nichoree abiria wa kesho."

"Nunua maboya, mzee."

"Ya nini, na wewe upo?"

Modesta aliegemeza plaiwudi ukutani, akakunja mikono. Hakuigusa. Mzee Shimba akaletewa chai. Kabla hajaimaliza, boti ilikuwa imejitokeza kwenye ubao na watu wanapanda, wanabanana, wanapakatana. Tone la kwanza likadondoka sakafuni.

"Unaona?" alisema Mzee Shimba, akaongeza sukari.

Modesta akafungua kopo. Safari hii alianza na watoto.