Koti la Bwana Mbwilo

Usiku wa jana, nikiwa nimejipaka dawa ya kuchua kutoka kisogoni mpaka kiunoni, niliota koti la Bwana Mbwilo limepandishwa cheo.

Sikushangaa. Bwana Mbwilo ni jirani yangu wa meza katika kitengo cha kuingiza takwimu. Kila asubuhi hutundika koti lake la kijivu kwenye kiti, huwasha kompyuta, kisha huenda kwenye shughuli zake mpaka jioni. Mkuu wetu, Bwana Lugendo, huchungulia mlangoni, huliona koti, huridhika. Mimi huwa nipo mwili mzima, nagonga kibodi juu ya kiti kilichovunjika egemeo. Daktari ameshaniambia nikichelewa kuanza mazoezi ya shingo, ganzi ya mkono wangu wa kulia haitaondoka tena. Niliomba ruhusa ya asubuhi moja tu. Nikajibiwa kwamba kiti hakiruhusiwi kukaa kitupu.

Basi, ndotoni, naingia kwa mkuu mpya. Koti limeketi, mikono imekunjwa juu ya meza. Halina kichwa, lakini linaonekana kufikiri.

"Shikamoo," nasema. Cheo ni cheo.

"Marahaba, Bi Sikudhani. Una shida gani?"

"Shingo, bosi. Na mkono umeanza kufa ganzi."

"Mimi sina shingo," linajibu. "Ndiyo maana sijawahi kuomba ruhusa."

Mausi ya kompyuta, ambayo sijui kwa nini nilikuwa bado nimeishika, ikacheka. Nikaiambia inyamaze mbele ya wakubwa. Ikasema na yenyewe ina malalamiko, siku nzima nimeikaba koo.

Nikageuka kutafuta mlango, kumbe tuko soko la mitumba. Wafanyakazi wote tumetandazwa chini juu ya turubai, na Bwana Lugendo anatuchagua. Anakagua kola, anavuta mabega kuona kama yamechanika. Anauinua mkono wangu wa kulia, unaanguka wenyewe.

"Huyu amechoka," anamwambia muuzaji. "Huna mwingine asiyelalamika?"

"Wote wametoka robota moja, mzee wangu. Labda umfue."

Hapo niliumia kwelikweli, na safari hii haikuwa shingo. Miaka yote nimeinamia takwimu za watu, leo naambiwa nifuliwe! Nikainuka kwenye turubai, nikalifuata Koti, ambalo sasa lilikuwa limevaa tai.

"Sitaki cheo," nikaliambia. "Nautaka mkono wangu. Nipe ruhusa niende hospitali."

Koti likajikuna kola.

"Ruhusa ipo. Kanuni inasema kiti kisikae kitupu. Haikusema kikaliwe na nani. Mimi mwenyewe unadhani nilianzaje?"

Nikavua sweta langu la kijani, lile lisilo na kifungo cha juu, nikaliketisha kitini pangu. Likanyoosha mikono juu ya kibodi.

"Dada, sasa mimi nitaandika nini?"

"Andika chochote. Muhimu uonekane."

"Na nikichoka?"

"Hutachoka. Wewe ni sweta."

Nikaamka jua limeshaingia chumbani. Nikaruka kutoka kitandani, shingo ikanikumbusha kwamba siku hizi siruki. Nikashika simu nitunge uongo wa kuchelewa, nikakuta ujumbe wa Bwana Lugendo: "Hongera Bi Sikudhani, leo umewahi kuliko wote. Endelea hivyo hivyo."

Nikatazama msumari nyuma ya mlango, ninapotundika sweta. Haukuwa na kitu. Na jana nilirudi nalo mwilini, nakumbuka vizuri, maana kulikuwa na baridi kali.

Sikumuuliza mtu yeyote. Nilichukua kadi yangu ya hospitali nikaenda. Nilikuwa nimelala kifudifudi, mtaalamu wa mazoezi akiniminya kisogo na mimi nikiguna, simu ilipolia tena. Ujumbe mwingine wa Bwana Lugendo.

"Bi Sikudhani, habari za shingo tulishazimaliza. Hilo egemeo kila mtu anajua limevunjika. Kaa, fanya kazi, acha kulialia."

Maskini sweta langu. Halijamaliza hata asubuhi moja kwenye kile kiti, limeshaanza kulalamika.