Mkasi wa Mgeni

Mgeni alikuwa hajakaa vizuri kwenye kiti, na tayari Mama Mikanda alikuwa hamwamini.

Si kwamba mzee yule alikosa adabu. Alibisha hodi, akavua viatu mlangoni, akapokea salamu na kuzirudisha kwa upole. Lakini alipoingiza kichwa kwenye chumba kile kilichozibwa kuta kwa magodoro makuukuu ili sauti isivuje, hakuuliza maji wala choo. Aliuliza, "Na huko nyuma kuna nani?"

"Jikoni, mzee. Mama yangu anachemsha chai."

"Haya. Sawa."

Sawa kwa nani? Mama Mikanda alimeza swali, akamsogezea kipaza sauti. Mtu anayekagua milango ya nyumba za watu hajifunzi tabia hiyo uzeeni.

Jina la Mama Mikanda alipewa na wasikilizaji, kwa jinsi alivyozipenda sinema za zamani, hasa zile ambazo wengi wamezisahau na wachache wanaziapia. Podikasti aliiendesha na binamu yake, Fundi, aliyekaa kwenye kompyuta na hedifoni shingoni. Kila mara walialika mtu mmoja, wakaichambua filamu moja. Na walikuwa na kanuni yao, wakiiita mkasi: mgeni ana haki ya kuomba kipande kimoja cha maneno yake kikatwe, wala haulizwi kwa nini. Ila lazima aombe kwa kinywa chake, mbele ya kipaza sauti, aseme wazi kikatwe nini. Sharti hilo lilizaliwa siku mwalimu mmoja wa michezo alipolalamika kuwa amekatwa maneno, ilhali mwenyewe ndiye aliyeomba yakatwe.

Filamu ya siku hiyo iliitwa Moshi wa Mchana. Ilihusu mgomo katika kiwanda cha sabuni, na aliyeitengeneza hakutaka waigizaji. Alitaka nyuso zilizochoka kweli, akawaingiza wafanyakazi wenyewe. Ilionyeshwa kidogo, ikafichwa, kisha ikarudi kwa mlango wa nyuma katika nakala za kupeana mkono kwa mkono. Mzee aliwaandikia kwamba aliiona ilipotoka tu, na anaikumbuka yote.

Baba yake Mama Mikanda alikuwa mmoja wa wafanyakazi wale. Mpaka anaingia kaburini alisimulia tukio moja: yeye, kwenye chumba cha chakula, anavua aproni, anaikunja polepole, anaiweka mezani mbele ya meneja, na wenzake wanamfuata mmoja mmoja. Kwa ajili ya hilo, alisema, watu wa serikali walimfuata kazini wakamchukua, akarudi na kifua kibovu. Tatizo ni kwamba tukio hilo halimo kwenye filamu. Katika nakala zote baba anaonekana mgongo tu, akisukuma pipa. Mtaani wakamtania, Staa wa Aproni. Baba mdogo alicheka mpaka msibani. Hata mama, mkewe wa ndoa, alikuwa akimwambia kwa huruma, "Baba nanii, pumzika na hiyo hadithi."

Mtu anaweza kunyang'anywa kazi akabaki mtu. Ukimnyang'anya ukweli wake mbele ya mkewe, umembakishia nini?

"Tuanze na mwanzo wake," alisema Mama Mikanda. "King'ora kinalia, hakuna anayeamka. Ulionaje, mzee?"

"Hapo hapana neno. Panapita."

"Panapita?"

"Namaanisha pazuri."

Fundi alicheka. "Mzee, unaongea kama askari wa getini. Na ule wimbo wa wanawake kwenye foleni ya maji?"

"Ule nao unapita. Ubeti wa mwisho ni mkali kidogo, lakini ukiwa na moyo mpana unaupitisha."

Mama Mikanda alimtazama mikono. Mikono laini, kucha zimekatwa kwa usawa. "Umesema ulikuwa unafanya kazi gani vile?"

"Karani. Ofisi za watu, binti yangu. Karatasi tu."

"Karatasi za nini?"

"Za kuingia na kutoka." Akatabasamu, kisha akawageuzia maongezi kwa ustadi wa mtu aliyezoea kuuliza yeye. "Lakini mnanishangaza. Mnasifu wimbo, mnasifu king'ora, roho ya filamu mnairuka. Pale chumba cha chakula. Yule bwana mwembamba anavua aproni, hasemi neno, anaikunja kama mtu anayerudisha kitu stoo, anaiweka mbele ya meneja. Meneja ana kijiko mdomoni. Nawaambieni, nimeona filamu nyingi, sijaona kitu cha hatari kama kile."

Fundi aliacha kucheka. Alikuwa mpwa wa marehemu. Hadithi ya aproni ile alilelewa nayo.

Mama Mikanda aliishika sauti yake. "Hapo umeniacha, mzee. Uliliona wapi hilo?"

"Ukumbini. Wapi tena?"

"Tumeshazungumza na watu waliokuwapo siku ya kwanza. Hakuna aliyeliona. Lilikatwa kabla filamu haijafika ukumbini."

Mzee alinyoosha mkono kutafuta kikombe ambacho kilikuwa hakijaletwa. "Basi labda nimechanganya na filamu nyingine. Uzee."

Mlango ulikuwa wazi. Mama alisimama hapo na sinia la chai, na hakuna aliyejua amesimama tangu lini.

"Shikamoo, kaka," alisema taratibu. "Zile kamba za aproni. Alizikunjia ndani au zilining'inia nje?"

"Ndani," mzee alijibu upesi, kama karani aliyeulizwa na bosi wake. "Alizikunja kwanza, akazifunika."

Sinia liligusa meza kwa kishindo kidogo. Nyumba ile yote, mataulo, vitambaa vya meza, hata nepi za wajukuu, vilikunjwa hivyo: pindo na kamba kwa ndani. Mume wake ndiye aliyewazoesha. Mama alimimina chai vikombe vyote, akakaa kwenye mkeka, hakutoka tena.

Mzee alielewa mahali alipoingia. Alizitazama picha ukutani, akaipata ya mtu mwembamba, akaiacha haraka.

"Mlisema mna kanuni," alisema. "Ya mkasi."

"Ipo."

"Na neno lenu ni neno?"

"Kitakatwa, mzee. Sema kwenye kipaza, Fundi ajue pa kukata."

Alijisogeza, akakohoa. "Naomba mkate pale nilipoeleza yule mtu wa aproni, alivyoivua akaiweka mezani kwa meneja. Mengine yanapita."

Chai yake hakuimaliza. Mlangoni viatu vilimsumbua kuvivaa, na Mama Mikanda hakuinama kumsaidia.

"Unakata kweli?" Fundi aliuliza mara tu mlango ulipofungwa. "Dada, huyo alikuwa mkaguzi wa filamu wa serikali, alikaa na mkasi juu ya filamu yetu. Sisi tumpe wa pili?"

"Tumeahidi."

"Wao waliahidi nani?"

"Wao ndio wao. Kata alichoomba, kutoka 'roho ya filamu' mpaka 'kitu cha hatari kama kile'. Na yote tuliyomjibu, na la mama pia. Usibakishe hata pumzi."

Fundi alikata, akikunja uso. Alipomaliza akaburuta mpaka mwisho, penye ombi lenyewe. "Na hili nifute?"

"Kwani aliomba likatwe?"

Fundi alimgeukia. Taratibu uso ukamkunjuka.

"Mgeni ana mkasi mmoja," alisema Mama Mikanda, "na ameutumia. Liache hapo, mwishoni, baada yake kimya. Wasikilizaji wetu si mbumbumbu. Watajiuliza mzee huyu ameona wapi kitu ambacho ukumbi mzima haukukiona, na kwa nini anaogopa kukisema."

Walimwekea mama hedifoni. Alisikiliza akiwa amefumba macho. Maneno yalipofika mezani kwa meneja aliitikia kwa kichwa, akaomba arudishiwe. Kisha akazivua, akatafuta simu yake chini ya khanga, akampigia shemeji yake, yule aliyecheka msibani.

"Shemeji, kesho usitoke," alimwambia. "Kipindi cha wanao kinatoka. Kisikilize mpaka mwisho, halafu njoo hapa unitazame usoni."