Neno Moja la Kithai

Tin Hlaing alivuka mpaka kutoka Burma nywele zimeshaanza kumpukutika, binti yake Khaing yuko mgongoni. Kithai walikutana nacho wote wawili siku ileile. Mtoto alikinywa kama maziwa. Baba mtu amemenya kamba wa baharini kiwandani Mahachai mpaka kucha zimeoza, na bado akifungua mdomo dukani huulizwa, "Mburma wewe?"

Sasa Khaing alikuwa anaposwa na Pracha, fundi wa majokofu, Mthai mtupu. Mama yake Khaing alishafariki. Wa kuzungumza na wageni wa posa alikuwa Tin Hlaing peke yake.

"Baba, we kaa tu," Khaing alimwambia. "Nitajibu mimi."

"Mwari ajiozeshe mwenyewe? Wataniuliza nataka nini, nami nitasema. Nataka ukae karibu nami. Basi."

Alikuwa amesikia kwamba Pracha kaitwa kazini Chiang Mai, kaskazini kabisa. Alijua pia kwamba neno la mzee wa bibi harusi, likitamkwa mbele ya wakwe, si rahisi kukataliwa. Hakuwa na silaha nyingine.

Taabu ni kwamba kwa Kithai karibu na mbali ni neno moja: glai. Sauti ikianzia juu ikaporomoka, ni karibu. Ikilala, ni mbali.

"Glai," Khaing alimfundisha.

"Glai."

"Hiyo mbali, baba."

"Glai."

"Sasa umefika Uchina."

"Mimi nasikia sawasawa tu."

"Sikio lako limekomaa. Ungekuja mdogo kama mimi."

"Ningekuja mdogo, nani angekubeba?"

Khaing akaanza kutandika mkeka.

Wageni walifika, wakaketi mkekani. Mama Somjit, mzaa Pracha, akauliza kwa adabu, "Baba mkwe, una ombi gani kwetu?"

Tin Hlaing alikohoa. "Nataka mwanangu akae glai nami."

Mama Somjit alimtazama mwanawe, uso ukamchanua. "Kumbe mzee mwenyewe anataka waende mbali! Na sisi tuliogopa kumwambia habari za Chiang Mai."

Maneno yao aliyaelewa yote. Ulimi ndio uliomsaliti. Akasema tena, kwa nguvu zaidi: glai. Mjomba mmoja akacheka. "Tumesikia, mzee. Mbali."

Akamgeukia binti yake, akasema Kiburma, "Waambie."

Khaing alimtazama Pracha, kisha akatazama mkeka.

"Baba amesema Chiang Mai ni sawa," akawaambia, kwa Kithai kisicho na kovu hata moja.

Wageni wakapumua. Mjomba akaanza kusifu hewa ya huko. Chakula kilipoletwa, Tin Hlaing alimshika binti yake mkono kando ya sinia.

"Ulisikia nilichosema."

"Nilikusikia, baba," Khaing alijibu kwa Kiburma, taratibu, akautoa mkono. "Anza kula. Wanakusubiri wewe, mzee, ndipo nao wale."