Mpelelezi Ndani ya Kiini

Nimeapa sigombani tena na shemeji yangu, kaka yake mke wangu, ingawa kwa miaka mitatu tumegombana kazini, mezani, hata kwenye foleni ya choo. Na ugomvi wenyewe wala si wa urithi! Ni huu: ile programu ya kupeleleza kwa nini kompyuta inakwama, tunayoiita mpelelezi, ikae ndani ya kiini cha mfumo, au ibaki nje?

Kiini ndicho kinachoendesha kila kitu kwenye mashine tunazotengeneza. Tuko mafundi saba, na desturi yetu ni moja: hakiingii kitu humo mpaka wote saba tukubali. Shemeji, kila kikao, mkono juu kupinga.

"Kiini ni chumba cha kulala," anasema. "Mgeni anaishia sebuleni."

"Kwa hiyo mtu akiumwa tumbo utampima shati?" namjibu.

Mwezi huu mambo yakachacha. Mashine zilizidi kuganda, sekunde tisa kila saa, wateja wakaja juu. Bosi akasema kosa lisipojulikana kufikia Ijumaa, anayeondoka ni fundi wa foleni, maana kila kazi ya mashine inapita kwake. Fundi wa foleni ni mimi. Nilijua sina kosa. Nilimtaka mpelelezi ndani anisafishe.

Bosi, ambaye hata kuwasha kompyuta huwa anaitiwa mtu, akaamuru tuigize ili aelewe. Ofisi ikawa kiini. Shemeji akasimama nje na daftari, akaandika: "Mlango umefungwa. Bado umefungwa." Mimi nikakaa katikati, naandika kila anachofanya kila mtu, na ni marufuku kusogea kabla sijamaliza. Mama wa chai akabaki mguu mmoja hewani, birika mkononi. Fundi mmoja alishikwa na chafya, nikamwambia angoje, zamu yake haijafika. Hadi saa sita chai ilikuwa haijafika mezani.

"Safi kabisa!" bosi akapiga makofi. "Nimeelewa. Pigeni kura."

Mkono wa shemeji, juu. Nikawaka.

"Unaogopa nini wewe? Uchafu wako utaonekana, eti? Unataka dada yako alale njaa!"

Alinitazama sana. Halafu akaushusha mkono.

Tukamwingiza mpelelezi. Hata dakika tano hazikuisha, akatoa mstari mmoja: kufuli, ile amri inayozizuia kazi nyingine zingoje, limeshikwa sekunde tisa bila kuachiwa, sehemu ya foleni, na jina la aliyeiandika. Langu! Bosi akalisoma kwa sauti, mara mbili, kisha akanionyesha mlango.

Shemeji akanifuata kwenye ngazi.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu mwaka wa kwanza."

"Na hukuniambia?"

"Nilikuambia mara mbili uipitie foleni yako. Mara zote ukanuna, ukasusa kuja kwangu, dada yangu akashinda analia. Nikaona bora nipinge tu, wanao wapate kula."

Aibu ilinishika. Akanipokea sanduku langu la vitu, akasema twende nyumbani, yeye ndiye atakayemwambia dada yake.